Hita ya gesi inawaka kidogo inazima, feni inaendelea

Pole sana ndugu, na baridi ya Minnesota ilivyo hiyo. Umesema moto unawaka dakika kadhaa alafu unazima ila feni inaendelea kupuliza, na fundi anataka kubadilisha swichi ya limiti. Mi ningeanza na filta ya hewa kwanza manake hiyo swichi kazi yake ndo hiyo, joto likizidi ndani inakata moto, ikipoa inarudi yenyewe, kwahiyo mara nyingi swichi ni nzima kabisa, inakwambia tu hewa haipiti. Filta imejaa vumbi, au mmefunga matundu ya kupitisha hewa ya joto kwenye vyumba msivyolala mkidhani mnaokoa gesi (hata sie tulifanya hivyo mwaka wa kwanza, aibu).

Kama bado, zima umeme kwenye breka, subiri ipoe kabisa, chomoa waya zote mbili za swichi upime na mita ya umeme ukiiweka kwenye ohm (kipimo cha ukinzani). Ikiwa baridi inatakiwa isome karibu na 0. Ikisoma OL (yaani umeme haupiti kabisa) wakati imepoa basi imekufa, weka nyingine yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa juu yake, usibahatishe. Na tafadhali usiunganishe hizo waya moja kwa moja ati umalize usiku, utachoma nyumba.

Ila ukikuta ile swichi yenye kitufe cha kubonyeza karibu na moto ndo imeruka, hiyo ni nyingine, maana yake moto umetoka nje ya njia yake. Usibonyeze bonyeze, zima gesi ita fundi.