Kidonge cha presha cha mama si dawa ya kokeini

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Jumamosi usiku wa manane wenzake walimleta nyumbani akitokwa jasho, moyo unamwenda mbio, ameshika kifua. Wakakiri kwamba walikunywa pombe kali na kunusa kokeini. Tulimpima kwa mashine ya mama, ikasoma 188 kwa 112. Wenzake wakasema apewe maziwa na maji ya limao kukata sumu, na kidonge cha presha cha mama, propranololi ya 40. Tukampa. Asubuhi presha ilikuwa 134 kwa 82, ila kifua kilimuuma tena mchana, kisha kikaacha. Yeye anasema imeshapita. Je, tuendelee na vidonge vya mama kwa siku chache mpaka dawa zimtoke mwilini? Na ndiyo kusema tayari ana ugonjwa wa presha?

JIBU: Marahaba, dada. Kama hajaonwa na daktari tangu usiku ule, mpeleke hospitali ya Bombo leo, hata kama kifua kimetulia. Apimwe umeme wa moyo, na damu ipimwe troponini. Hiyo ni protini inayovuja msuli wa moyo ukijeruhiwa, na hubaki juu kwa siku kadhaa, kwa hiyo hamjachelewa. Vidonge vya mama asipewe tena hata kimoja. Mimi ile 188 hainitishi kama maumivu yaliyorudi mchana, presha ikiwa imeshashuka.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na makosa yenyewe wanauziana kwa ujasiri mkubwa.

Kokeini inashambulia miisho ya neva. Neva ikitaka kupeleka ujumbe kwa neva nyingine, au kwa msuli wa moyo, au kwa ukuta wa mshipa wa damu, humwaga kemikali kwenye mwanya mdogo ulio katikati: noradrenalini, dopamini, serotonini. Ujumbe ukishafika, pampu ndogo huivuta kemikali hiyo na kuirudisha ilikotoka. Kokeini huziba pampu hizo. Chukulia kivuko cha Pangani kimeshusha abiria Bweni tangu alfajiri na hakirudishi hata mmoja. Ikifika adhuhuri watu wamebanana ufukweni, hapana pa kukanyaga. Ndivyo dopamini inavyojazana kwenye ubongo, mtu akajiona bingwa, maneno hayaishi, kisha akaanza kushuku kila mtu na wengine kuhisi wadudu wanatambaa chini ya ngozi. Na ndivyo noradrenalini inavyojazana kwenye moyo na mishipa.

Noradrenalini ikijaa, moyo hupiga haraka na kwa nguvu zaidi, na papo hapo mishipa ya damu hujikaza. Mambo hayo mawili yakikutana, presha inapaa. Lakini mashine ya mkononi haioni kilicho kibaya zaidi: mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe nayo inajikaza. Moyo unafanya kazi mara mbili huku chakula chake kikipunguzwa. Juu ya hapo, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakuwa nyepesi kushikana, kwa hiyo bonge la damu laweza kuganda ndani ya mshipa ambao hauna mafuta hata kidogo. Ndiyo maana neno "bado kijana, moyo wake mzima" halina uzito hapa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika saa ya kwanza baada ya kutumia kokeini, uwezekano wa kupata shambulio la moyo hupanda takriban mara 24. Na wanaofika hospitali wakilalamika kifua baada ya kokeini, kama 6 katika kila 100 hukutwa moyo umeshajeruhiwa.

Kuna kazi ya pili ya kokeini ambayo watu hawaijui, ingawa wanaihisi: pua na ufizi kufa ganzi. Hufunga milango ya sodiamu kwenye neva, umeme usipite. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna aliitumia hivyo hivyo, kufisha ganzi jicho kabla ya upasuaji. Milango ya namna hiyo ipo pia kwenye moyo, na dozi ikiwa kubwa, umeme wa moyo unachelewa na mapigo yanavurugika. Hospitalini hali hiyo huonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo na hutibiwa kwa sodiamu baikaboneti ya kupitia mshipa. Mtu akisikia hivyo akaenda kumkorogea mgonjwa magadi, atamtapisha bure, na kwenye moyo hakitafika chochote cha maana.

Sasa propranololi. Kosa hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu wenye nia njema waliokwisha kuona tarakimu kubwa kwenye mashine. Wanajiambia: presha imepanda, hiki ni kidonge cha presha, basi. Lakini noradrenalini, pamoja na adrenalini inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, hugonga milango ya aina mbili, iitwayo vipokezi. Vipokezi vya alfa vikigongwa, mishipa hukaza. Vipokezi vya beta vikigongwa, moyo hukimbia, na baadhi ya mishipa hulegea. Yaani kwenye mishipa kuna kuvutana kamba, alfa upande huu na beta upande ule. Propranololi hufunga beta zote. Moyo unapunguza kasi, ndiyo, mkono ukishika mapigo unaridhika, lakini ile timu iliyokuwa ikivuta kamba kulegeza mishipa umeitoa uwanjani, na alfa wamebaki peke yao. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walipima jambo hili ndani ya mishipa ya moyo ya wagonjwa. Kokeini kidogo ya puani ilipunguza damu inayopita, na walipoongeza propranololi ikapungua zaidi. Atenololi, dawa ya kundi hilohilo la kufunga beta, huelemea zaidi upande wa moyo, lakini nayo usimpe mtu aliye kwenye hali hii. Madaktari wana mjadala wao kuhusu baadhi ya dawa za kundi hili zikitolewa wodini, mgonjwa akiwa kwenye mashine. Kidonge kilichotolewa kwenye droo ya mama saa nane za usiku hakimo kwenye mjadala huo.

Siwezi kusema, kwa kusoma barua tu, kwamba kidonge kile ndicho kilichorudisha maumivu. Kokeini yenyewe huweza kuyarudisha. Nusu ya kokeini huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi, ndiyo maana presha hushuka yenyewe kabla ya mapambazuko na kila aliyeleta kikombe cha kitu anajipa sifa. Lakini mabaki yake hukaa, na mishipa inaweza kujikaza tena saa kadhaa baadaye. Na mdogo wako alichanganya na pombe. Ini likikuta pombe na kokeini pamoja hutengeneza kitu cha tatu, kokaethilini, kinachokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kinachoutesa moyo vilevile. Kwa sababu hizi, hata mgonjwa ambaye kipimo chake cha kwanza ni kizuri huzuiwa hospitalini kwa muda wa saa 9 hadi 12, damu ipimwe tena. Hiyo 134 kwa 82 ya asubuhi ilieleza presha ya dakika ile. Habari za moyo haikuzieleza.

Maziwa na limao nitayamaliza kwa ufupi. Kilichonuswa kimepita kwenye utando wa pua kikaingia kwenye damu. Tumboni hakuna cha kukata. Madhara yake ni kwamba mtu anayeweza kutukutika kama mwenye kifafa anajazwa tumbo, akitapika yanaingia mapafuni.

Tangu hapo orodha inarefuka. Wapo wanaoweka nifedipini, kidonge kingine cha presha, chini ya ulimi, wakaiteremsha presha kwa kishindo mpaka ubongo na moyo vikakosa damu. Wapo wanaouza "dripu ya kusafisha damu" nyuma ya duka la dawa muhimu: maji ya chumvi na vitamini ya kuipa rangi, kwa bei ya kukufuru, huku mgonjwa akipoteza saa zile ambazo mshipa ulioziba ungezibuliwa. Wapo wanaosema ni jini kwa sababu kijana anaongea peke yake na kuona watu wasiokuwepo. Hayo ni matokeo ya dopamini, na mtu wa hali hiyo akifungwa kamba na kupambana nazo, joto lake hupanda mpaka misuli ikaanza kuvunjika. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, figo ziko hatarini. Na huku kwetu pwani joto si jambo la kupuuza. Kokeini hukaza mishipa ya ngozi, mwili ukashindwa kutoa joto nje, na wakati huohuo huchochea misuli. Usiku wa Februari Tanga, chumba hakina upepo, mtu huyo anapikika kwa ndani.

Kundi jingine ni wanaochanganya kwa makusudi wakiamini kimoja kinatuliza kingine. Mirungi haitulizi kokeini; nayo inamwaga kemikali zilezile kwenye mwanya uleule, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinakoleza. Unga wa mtaani, kwa upande wake, hauna lebo. Ukiwa na heroini ndani, dalili hugeuka: mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano badala ya kupanuka, na pumzi inapungua. Hatari huja pale kokeini inapoisha mapema na heroini ikabaki peke yake. Aliyekuwa akirukaruka analala, wenzake wanafurahi ametulia, kumbe anaacha kupumua. Mtu huyo aamshwe, na akikosa pumzi apelekwe mbio. Hospitalini kuna naloksoni ya kuizuia heroini, ingawa kwa kokeini haifanyi lolote.

Basi ikitokea tena, kwenu au kwa jirani, fanyeni haya. Tafuteni bajaji au gari kwanza, mengine yaendelee mkisubiri. Mtoeni kwenye kelele na taa kali, mvueni shati, mlowesheni kwa kitambaa cha maji ya kawaida na mpepeeni. Mtu mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya chini. Hofu nayo inamwaga adrenalini. Akitukutika, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko mdomoni. Msimpe aspirini kwa kubahatisha. Kwa moyo ulioziba inasaidia, na hospitalini huenda wakampa, lakini kokeini pia hupasua mishipa ya ubongo na kuchana aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, na hapo aspirini inazidisha kuvuja. Kichwa kilichopasuka maumivu ghafla, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, au maumivu ya kifua yanayochoma mpaka mgongoni kama anachanwa: hizo ni dalili za kukimbia bila hata kutafuta mashine ya presha.

Mkifika, semeni ukweli wote. Dawa ya kwanza kwa hali hii kwa kawaida ni ya kundi la diazepamu kwenye mshipa, inayotuliza ubongo uliochochewa, na presha hushuka kwa sababu chanzo kimetulizwa. Kama kifua kinauma huongezwa nitrogliserini ya kulegeza mishipa ya moyo. Sasa sikiliza: vijana wengi wanaonusa usiku wa starehe wamemeza pia kidonge cha nguvu za kiume, sildenafili au ndugu zake. Kikikutana na nitrogliserini, presha inaweza kuporomoka mtu akazimia asizinduke. Daktari hawezi kukwepa asichoambiwa. Kwa hiyo mwambieni: kokeini saa ngapi, pombe kiasi gani, kidonge gani cha nguvu, na propranololi mliyompa. Kama mdogo wako anaona aibu mbele yako, toka nje ya chumba umwache aseme.

Kuhusu ugonjwa wa presha: kipimo cha usiku ule hakimpi mtu jina la ugonjwa. Akikaa wiki mbili bila kokeini, apimwe siku tofauti, akiwa ameketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Apimwe mara mbili kila siku, dakika moja katikati. Zikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hapo tuzungumze tiba. Akiendelea kunusa, msuli wa moyo utanenepa, mishipa itachakaa kabla ya umri wake, na presha hiyo ya usiku mmoja itageuka ya kudumu.

Siku hizi chache mwangalie kwa karibu. Dopamini ikishuka mtu hulala sana, hula sana, huona dunia imemwishia, na wengine hufikiria kujiua. Asikae peke yake. Akitaka kuacha, methadoni isimhusu, hiyo ni ya walioshikwa na heroini. Kwa kokeini hakuna kidonge kilichothibitishwa, na anayekuuzia kimoja anakuibia. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mara kwa mara na mtaalamu, kwa miezi.

Mwisho, hesabu vidonge vya mama. Kama mlivyompa mdogo wako vimemkata dozi zake, mnunulie vingine leo hii. Aliyezoea propranololi akiikosa ghafla, presha yake na mapigo ya moyo hurudi kwa kishindo, na anaweza kupata maumivu ya kifua yeye.