Maswali ya Wasomaji: Ufuo Umeliwa, au Maji Yamejaa Tu?

SWALI: Kila mwezi kikundi chetu hupima umbali kutoka mti mmoja wa ufukweni hadi ukingo wa maji. Mwezi uliopita tulipata mita 41, safari hii 23. Je, ufuo umeliwa mita 18? Na picha za setilaiti zinafaa?

JIBU: Hapo mmepima maji, hamkupima mchanga. Kwenye ufuo wenye mteremko wa 1 kwa 20, maji yakizidi kimo kwa sentimita 90 tu, ukingo wake unasogea mita 18. Acheni ukingo, pimeni umbo la mchanga wenyewe.

Mti nao si alama ya kutegemea, kwani mmomonyoko ukizidi huenda ukawa wa kwanza kung'oka. Simikeni nguzo ya zege nyuma ya mstari wa uoto, yaani pale mimea inapoanzia, na ya pili nyuma yake, ili mkizilinganisha mpate njia ileile kila mara kuelekea baharini.

Vifaa ni fito mbili za mita 1.5 zilizotiwa alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini, na kamba isiyonyumbuka ya mita 2. Nendeni wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakiwa yamepwa kabisa. Fito moja ikae penye nguzo, nyingine upande wa bahari, kamba ikiwa imekazwa. Anayesimama nyuma ya fito ya nchi kavu alinganishe ncha ya ile ya mbele na upeo wa macho, kisha asome mstari huo unapokata fito yake. Akisoma 12, mchanga umeshuka sentimita 12. Penye tuta mambo hugeuka: atazame juu ya ncha ya fito yake mwenyewe na kusoma ile ya mbele, hicho ni kimo kilichopanda. Fito ya nyuma ihamie shimo la ile ya mbele, mwendelee hadi majini. Masomo ya -12, -15 na +4 yanawaweka sentimita 23 chini ya mlipoanzia.

Kinachoharibu kazi zaidi ni fito kuzama kwenye mchanga laini, maana kosa la sentimita 1 kila hatua, likielekea upande mmoja, hufika 30 baada ya hatua 30. Pigilieni kibao kitako cha kila fito. Pia fito zisimame wima. Timazi ndogo inatosha. Ukungu ukificha upeo wa macho, ahirisheni.

Msilinganishe msimu wa mawimbi makali na wa bahari shwari. Dhoruba huchukua mchanga wa ufuoni na kuulaza kwenye fungu chini ya maji, na mawimbi mapole huurudisha taratibu. Ufuo uliokonda si lazima uwe umepotea. Linganisheni msimu na msimu wake, kwa miaka kadhaa.

Kuhusu setilaiti: kitone kimoja (pikseli) cha picha za setilaiti za Landsat ni mita 30 ardhini kila upande, cha Sentinel-2 ni mita 10. Mabadiliko ya mita 2 kwa mwaka hayataonekana mwaka huu wala ujao, ila ya miaka 20 yataonekana. Choreni mstari wa uoto, si wa maji, kwenye picha ya zamani na ya sasa, kisha mgawanye umbali kati ya mistari hiyo miwili kwa miaka. Kila mstari ukiwa na shaka ya mita 10, umbali kati yake una shaka ya mita 14 hivi, yaani mita 0.7 kwa mwaka katika miaka 20. Mkipata mita 0.4 kwa mwaka, msiitangazie serikali ya kijiji kwamba ufuo unaliwa.