Jiwe Linachomoka Kwenye Waya: Kufunga Vidani kwa Mabaki ya Mawe Yaliyong'arishwa

Swali: Ninafanya kazi katika karakana ya kukata na kung'arisha mawe jijini Arusha, na mwenye karakana ameniruhusu kuchukua vipande vinavyobaki, hasa vya akiki na vya zoisaiti ya kijani yenye rubi inayotoka Longido. Ninavifunga kwa waya wa shaba na kuviuza kama vidani. Baada ya muda baadhi ya wateja hurudi wakisema jiwe limechomoka, na wengine kitanzi cha kupitishia mkufu kimekatika. Sitaki kutoboa mawe wala kutumia gundi. Ninakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti, na lile la kwanza halitokani na uchache wa waya, kama wengi wanavyodhani. Jiwe lililofungwa kwa waya hushikiliwa na zile nyaya zinazotoka ubavuni mwake na kulilalia usoni na mgongoni kwa wakati mmoja. Mizunguko mingine yote ni pambo. Ukizungusha waya mwembamba mara nyingi juu ya jiwe lililong'arishwa vizuri, mizunguko hiyo itateleza kuelekea upande ule uliochongoka, kwa kuwa hakuna kitu cha kuizuia, na kuongeza mizunguko mingine hakubadilishi jambo hilo hata kidogo.

Kwa hiyo, kabla hujakata waya, pima unene wa ubavu wa jiwe. Fremu hutengenezwa kwa nyaya kadhaa zilizolazwa sambamba, na upana wake wote haupaswi kupungua unene huo. Waya wenye kipenyo cha milimita 0.8, ambao kwa geji za Marekani ni namba 20, unafaa sana kwa mawe madogo: nyaya nne hukupa upana wa milimita 3.2 na nyaya tano hukupa milimita 4. Mtu anayefunga ubavu wa milimita 4 kwa nyaya tatu huachwa na fremu isiyofika kwenye kingo za jiwe, hivyo hakuna waya unaoweza kukunjwa uje usoni. Nina hakika kubwa kwamba vidani vyako vingi huachia kwa sababu hiyo.

Tuchukue kipande chenye umbo la yai, urefu milimita 25, upana 15 na ubavu 4. Ukikizungushia uzi utaona mzunguko wake ni kama milimita 64. Ongeza sentimita 10 kwa ajili ya kitanzi na miisho, kisha kata nyaya tano za urefu huo. Zinyooshe, zilaze sambamba, na uzifunge katikati kwa waya mwembamba wa milimita 0.5 au 0.4. Kifungo cha mizunguko mitano kitatumia karibu sentimita 6, nawe ukate zaidi ili upate pa kushikia. Ongeza kifungo kimoja kila upande, pale ambapo ubavu wa jiwe huanza kupanda. Sasa zungusha fremu kwenye jiwe, kifungo cha kati kikae chini kabisa, kutanisha ncha zote mbili juu na uzifunge pamoja kwa nguvu. Kazi yenyewe ya kulishika jiwe huanzia hapa: katika nafasi zilizo kati ya vifungo, tumia ncha nyembamba kuuvuta waya wa pembeni uingie juu ya uso wa jiwe kwa milimita 1 au 2, kisha ufanye vivyo hivyo mgongoni. Waya uliokuwa umefuata mviringo wa ubavu sasa hukata njia ya mkato juu ya uso, na kifungo huuzuia usirudi. Weka angalau sehemu tatu za namna hiyo usoni na tatu mgongoni, zikiwa zimegawanyika kuzunguka jiwe lote.

Kipande kilichokosa ubavu kabisa, mathalani kile kilichotoka kwenye ngoma ya kung'arishia kikiwa mviringo kama punje ya mbaazi, kinahitaji kuchongewa vijifuo viwili vidogo vya kulalia waya. Tupa ya chuma haitaiuma akiki, ambayo ugumu wake hufikia 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10. Tumia tupa ya almasi. Ichonge ikiwa imelowa maji wakati wote, kwa maana vumbi la akiki ni silika, na silika ikivutwa kwa muda mrefu huyaharibu mapafu bila kuponyeka. Tafadhali usilipuuze jambo hilo hata kwa kazi ya dakika mbili.

Kuhusu kitanzi kukatika: shaba huwa ngumu zaidi kila inapopindwa, na ikipindwa na kunyooshwa mara kwa mara mahali pamoja hufikia kukatika. Plaizi yenye meno huongeza madhara, kwani kila alama ya jino ni mwanzo wa ufa. Tumia plaizi yenye midomo laini, au uifunge midomo yake kwa utepe, na ukipinde kitanzi mara moja tu kwa kukizungusha kwenye chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 4 au 5. Waya uliokuwa mgumu tangu mwanzo unaweza kulainishwa kwa kuupasha moto hadi uonekane mwekundu hafifu ukiwa kivulini, kisha kuuzamisha majini. Weusi wake utatoka kwa siki na chumvi. Fanya hivyo kabla jiwe halijaingia, kwa sababu tanzanaiti, ambayo nayo ni aina ya zoisaiti, hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto, na mawe mengine mengi hayako salama pia. Ukitumia waya wa kusukia koili za mota, usiuchome, kwa maana rangi inayoufunika hutoa moshi wenye sumu, na isitoshe waya huo huuzwa ukiwa tayari laini. Kama waya wako unatoka kwenye kebo ya umeme wa nyumbani, kumbuka kwamba namba 1.5 ni eneo la mkato kwa milimita za mraba. Kipenyo chake ni karibu milimita 1.38, nao ni mnene mno kwa mawe ya ukubwa huu.

Nakusihi pia usiufunike uso wa zoisaiti ya Longido kwa mapambo ya waya. Kijani kile, madoa meusi na rubi iliyozama ndani yake ndivyo mteja anavyovinunua.

Kila kidani kikikamilika, kitikise karibu na sikio. Ukisikia jiwe likigonga, usiongeze waya: shika waya wa usoni kwa ncha za plaizi na uukunje kidogo uwe na kona ndogo, ili ufupike na kulikaza jiwe, kisha utikise tena.