Meza ya mninga achana nayo kwanza mkuu, tafuta kiti

Mkuu, simamisha hiyo advansi. Kama hujaituma usiitume, na kama umeshatuma mpigie fundi umwambie umefiwa.

Nimesoma kwamba una milioni moja na laki mbili, unafanyia kazi nyumbani, na unataka meza ya mninga kwa mafundi wa pale Keko, Dar, kwa laki tisa. Ukauliza rangi ya ukuta, shelfu za vitabu, na kama meza ikae dirishani. Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu: "kiti nitatumia cha dining kwanza." Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Hiyo meza mimi ninayo. Ipo chumba cha pili, wanapigia pasi. Na kwa kupigia pasi hakuna meza bora zaidi ya ile, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Nilimuuliza fundi kuhusu urefu, akanijibu bila kupepesa macho: "Bosi, hii ndo saizi ya ofisi, mawaziri wanakalia hizi hizi." Sijui ni waziri gani huyo, labda yule anayesaini akiwa wima. Ilipofika nyumbani nikaweka futi: inchi 32, yaani sentimita 81! Meza ya kulia chakula yenyewe inacheza kwenye 75, na ile ni ya kukatia ugali, siyo ya kubofya kibodi kutwa nzima. Kiti cha dining kina kama 45 hadi unapokalia, na hakipandi hakishuki. Nikawa naandika mabega yamefika masikioni kama mtu wa Dar aliyeshushwa kwenye baridi la Makambako usiku wa Julai. Ikaanza shingo, ikaja bega, mwisho vidole viwili vikawa vinakufa ganzi.

Najua utasema si ukate miguu tu. Nilimwita fundi wa mtaani na msumeno wake. Akainama, akachungulia chini ya meza, akacheka. Wale jamaa walikuwa wameweka droo katikati, pana, ina kufuli na mbwembwe zote. Ukiishusha meza ifike unapotaka, droo inakukalia mapajani. Ukiitoa droo, ule ubao wa mbele bado upo, nao ndio unaoshikilia miguu. Ukiugusa, meza nzima inayumba. Kwa hiyo laki tisa yangu haikatiki. Na mninga, sifa zake zote nazikubali, ila uwe umekauka. Wangu ulikuwa mbichi, jua la Januari lilipokolea mbao za juu zikaachana hadi kalamu ikawa inazama.

Nikasema basi, ninunue kiti kirefu. Nikapigwa tena, safari hii Kariakoo: "kiti cha bosi", eti ngozi orijino. Nilikipandisha hadi mwisho bado kiwiko kiko chini ya meza, miguu inaning'inia, nikawa naikanyagishia kreti la soda. Ngozi orijino ikaanza kubanduka magamba meusi. Nilirudi kwa yule muuzaji na shati jeupe, akaniangalia mgongo akaniuliza kama natokea gereji. Wewe ndiye uliyeniuzia hiyo gereji, kaka!

Sasa sikiliza. KITI KWANZA, MEZA BAADAYE. Nenda kwenye viti vya ofisi vya mtumba, tafuta chenye mgongo wa neti, joto letu unalijua. Kaa, nyayo zote ziguse sakafu, mapaja yalale sawa. Shusha mabega, kunja viwiko, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hiyo namba ndiyo urefu wa meza yako. Yangu ni 68, hesabu mwenyewe nilikuwa naishi wapi na ile 81. Kabla hujalipa, kipandishe juu kabisa, kaa, anzisha ubishi wa Simba na Yanga na muuzaji. Ukimaliza ukajikuta umeshuka chini, mtungi wa gesi unaokipandisha kiti umekufa, ondoka.

Namba yako iandike kwenye karatasi umpe fundi, na umwambie chini pawe peupe, hakuna droo. Akianza habari za mawaziri, tafuta fundi mwingine. Mimi sasa hivi nina kipande cha marini bodi, ile plaiwudi ngumu, juu ya miguu ya chuma aliyonichomelea kijana wa hapa mtaani, haifiki hata laki mbili. Sura haina, lakini shingo inageuka. Kama unatumia laptop, inyanyue juu ya vitabu na utafute kibodi ya pembeni.

Rangi ya ukuta paka yoyote. Na anayeihitaji ile meza ya mninga aje inbox, bei tunaongea, ila awe na futi sita na nusu.