Maswali na majibu: Romare Bearden, mkasi na gundi

Wasomaji wametuuliza kuhusu Romare Bearden, Mmarekani Mweusi aliyeipa kolaji, yaani picha inayojengwa kwa vipande vya kubandika, heshima kubwa katika sanaa ya nchi yake. Wengine wanataka habari zake, wengine wamejaribu mtindo wake na gundi imewashinda.

Alikuwa mtu wa kolaji tangu ujana?

Hapana. Alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1911, akakulia Harlem jijini New York. Alichora katuni, akasoma kwa mchoraji Mjerumani George Grosz, akatumikia jeshi kuanzia 1942 hadi 1945, akakaa Paris mwaka 1950, na hata nyimbo alitunga. Riziki yake kwa miaka mingi ilitoka katika idara ya ustawi wa jamii ya New York. Sanaa ilipata usiku na siku za mapumziko.

Kolaji ilimshika sawasawa alipokuwa amevuka miaka 50. Mwaka 1963 yeye na wasanii wenzake Weusi, akiwemo Norman Lewis na Hale Woodruff, waliunda kundi la Spiral wakijiuliza msanii ana kazi gani wakati watu wake wanadai haki. Bearden akapendekeza watengeneze kolaji moja kwa pamoja. Wenzake hawakuvutiwa. Akaendelea peke yake.

Zile kazi za 1964 ni nyeusi na nyeupe, na ni kubwa sana. Alipata wapi picha za ukubwa huo?

Hakuzipata zikiwa kubwa. Alikata nyuso, mikono, kuta na vinyago vya Kiafrika kutoka magazetini, akabandika kolaji ndogo zenye rangi, kisha zikapigwa fotostati. Hiyo ni njia ya zamani ya kunakili ambapo kamera kubwa hutoa picha moja kwa moja kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe. Zilipokuzwa, kingo za mkasi zilififia na vipande vya magazeti kumi vikaonekana kuwa vya ulimwengu mmoja. Aliziita Projections na zikaonyeshwa New York mwaka huo huo.

Ukitaka kujaribu, tengeneza kolaji ya sentimita 20 kwa 28, kisha ikuze mara nne kwenye duka la kuchapisha. Tumia picha zilizochapwa vizuri. Picha ya gazeti la kila siku imejaa vidoti, na vikikuzwa mara nne uso hubaki kama chujio.

Mikono mikubwa, jicho moja dogo na jingine kubwa. Alishindwa kulinganisha?

Hapana, alifanya hivyo kwa makusudi. Mkono uliokuzwa ni mkono wa mtu wa kazi, na ndiko anakotaka jicho lako liende kwanza. Mtu anayedhani hajui kuchora akumbuke kwamba alijifundisha upya kwa kukuza kwa fotostati kazi za Duccio, Giotto na Rembrandt, kisha kuzinakili moja moja kwa rangi zake mwenyewe.

Nikibandika vipande vyangu vinaonekana kama takataka zilizomwagika mezani. Nianzie wapi?

Anzia mahali alipoanzia yeye, na hapo hapakuwa na sura za watu. Bearden alitangulia kuweka mistatili ya rangi, mingine ikiwa na uwiano ule ule wa ubao wenyewe. Ubao ukiwa sentimita 30 kwa 40, kata mstatili wa 15 kwa 20 na mwingine wa 7.5 kwa 10. Ipange bila gundi, ikifuata kingo za ubao, juu-chini na kushoto-kulia. Watu waje baadaye, wakikaa juu ya mistatili hiyo au wakiikata. Acha pia nafasi tupu. Mchoraji Stuart Davis alimshauri amsikilize mpiga piano Earl Hines, hasa ule ukimya ulioko kati ya sauti na sauti, na ukitazama kazi za Bearden utauona. Wengi wanaotuandikia hujaza kila pembe. Hapo ndipo picha inapokufa, kabla hata gundi haijafunguliwa.

Karatasi inakunjamana na ubao unapinda. Gundi mbovu?

Mara nyingi gundi haina kosa. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka husinyaa, na ikisinyaa huuvuta ubao. Tumia hadibodi, yaani ubao mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 3 badala ya kadi ya boksi. Nyuma yake bandika karatasi yenye unene sawa na ya mbele, ili pande mbili zivutane kwa nguvu moja.

Chukua gundi nyeupe ya mbao, sehemu 3 kwa sehemu 1 ya maji. Paka ubaoni na nyuma ya kipande, subiri kama dakika moja kimalize kutanuka, ndipo uweke. Sukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya plastiki. Ukianza kingoni utaifungia ndani na malengelenge yatatokea. Funika kwa nailoni, weka vitabu vizito, acha saa 24. Lengelenge likibaki, lipasue kwa wembe, ingiza gundi kwa ncha ya brashi, kandamiza tena. Gundi ya mpira iache kabisa: inageuka kahawia na baada ya miaka vipande vinadondoka.

Vipande vya gazeti vimekuwa njano ndani ya mwaka.

Karatasi ya gazeti hubaki na ligini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, na mwanga huigeuza rangi. Vanishi haizuii. Nakili kipande kwa mashine ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi, ubandike nakala. Printa ya wino wa maji haifai. Gundi ikigusa, wino unachuruzika.

Kazi gani moja nitazame kwanza?

The Block ya mwaka 1971, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Ni mbao sita zenye urefu wa jumla unaokaribia mita 5.5, zikionyesha mtaa mmoja wa Lenox Avenue, Harlem: kanisa, kinyozi, duka, na madirisha yanayokuonyesha watu walioko ndani. Hesabu mistatili kwanza, kisha watu.