Watu wanne katika penzi la wawili

SWALI: Mwalimu, mimi ninaomba unisaidie mimi. Mwenyekiti wa kikundi chetu huandika "nawaombeni michango". Katibu humsahihisha: "nakuombeni". Mweka hazina anasema wote wawili wamekosea, ni "nawaomba" basi. Sisi tumfuate nani?

JIBU: Nianze na mweka hazina, maana ndiye aliyeshindwa kesi. "Nawaomba" ni sahihi, hakuna anayebisha. Kosa lake ni kudai kwamba hakuna njia nyingine.

Tatizo liko kwenye hicho kiambishi -wa-. Mtendaji akiwa ninyi au wao, Kiswahili kinawatenganisha bila shida: mnaondoka, wanaondoka. Wakishakuwa watendwa wanavikwa nguo moja: nawaona ninyi, nawaona wao. Mara nyingi mazungumzo yenyewe yanaonyesha nani anakusudiwa. Lakini mwenyekiti akiandika, "Nimezungumza na wafadhili. Nitawaeleza kila kitu Ijumaa," nani ataelezwa? Wanachama watakuja Ijumaa wakitarajia maelezo, kumbe mwenyekiti yuko kwa wafadhili akiwaeleza wao. Aandike "nitakuelezeni" na hakuna atakayepotea. Hapo -ku- inaonyesha kwamba anasema na anayemsikiliza, na -ni ya mwisho inaonyesha kwamba wasikilizaji ni wengi. Ni -ni ile ile ya njooni, karibuni na asanteni. Huigeuza a ya mwisho kuwa e, ila vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki: nakushukuruni, nakusihini, nakusameheni.

Katibu kwa hiyo ana maneno safi kuliko wote. Na mwenyekiti? "Nawaombeni" ina wingi mara mbili, mara kwenye -wa-, mara kwenye -ni. Wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo. Mimi naiacha ipite, kwa kuwa ile -ni ya ziada ina kazi: inawatoa wao kwenye sentensi, wanabaki ninyi. Kinachofanya kazi hakifukuzwi.

Swali limekwisha. Sasa tuje kwenye barua yenyewe, ambayo imenikera kuliko swali. "Mimi ninaomba unisaidie mimi." Katika maneno manne mwandishi amejitaja mara nne: mimi, ni-, -ni-, mimi. Nilielewa tangu "ninaomba" kwamba anayeomba ni yeye. Sikuwa nimedhani barua imeandikwa na mwenyekiti kwa niaba yake.

Ugonjwa huu umeenea, na mfano wake mkubwa ni ile sentensi ya kadi na meseji za wapenzi: "Mimi ninakupenda wewe." Tuihesabu taratibu. Mimi, mmoja. Ni-, wa pili. -Ku-, wa tatu. Wewe, wa nne. Watu wanne katika penzi la wawili! Na kumbe kitenzi peke yake kilikuwa kimemaliza kila kitu. "Nakupenda": mpenzi yumo, mpendwa yumo, wakati umo, na mapenzi yamo, vyote ndani ya neno moja la silabi nne linalotamkwa bila kuvuta pumzi. Lugha imempa mtu sentensi nzima iliyofungwa tayari, naye anaifungua na kuibandika mimi mbele na wewe nyuma, kama anayevaa suruali mbili ili watu wajue amevaa.

Chanzo tunakijua. Ni Kiingereza, au tuseme ni Kiingereza cha darasani. Kitenzi cha Kiingereza hakina mtu ndani: I love, you love, we love, they love, kote ni love ile ile, isipokuwa kwa he na she inapoota kijimkia, loves. Ukiliondoa lile I la mwanzo, kitenzi kinabaki yatima. Hakikuwa hivyo tangu zamani. Miaka elfu moja iliyopita Mwingereza alisema ic lufie, yaani napenda; nafsi ya pili ikawa na lufast, ya tatu lufath, na wingi ukawa na lufiath. Miisho hiyo ikachakaa kwa kutamkwa hovyo hovyo, mzigo ukahamia kwenye kiwakilishi. Hata you, ambayo leo ni ya mmoja na ya wengi, iliwahi kuwa ya wengi tu, na mmoja alikuwa thou. Walipompoteza thou, Wamarekani wa majimbo ya kusini wakalazimika kuunda y'all ili ninyi wapate pa kukaa. Shida yao hiyo na shida ya -wa- yetu ni ndugu, ila sisi tulikuwa na -ni mfukoni.

Lakini kinachonichekesha ni hiki. Huyo Mwingereza tunayemwiga, akizungumza nyumbani kwake hasemi hivyo. Kiwakilishi hukibana kwenye kitenzi mpaka vinakuwa neno moja: I'm, I'll, he's, they've. Yaani anafanya kile ambacho Kiswahili kimekifanya siku zote, isipokuwa yeye huweka alama ya kuonyesha aliposhonea. Ukimuuliza jambo asilolijua, atakujibu Don't know, na I haionekani. Akimaliza kuongea na mpenzi wake kwenye simu husema Love you, kisha anakata. Mwenye lugha ambayo kiwakilishi ni lazima anakitupa, na mwenye lugha isiyokihitaji anaandika viwili. Tumeiga hata kile ambacho wenyewe wamechoka nacho.

Naona barua zinakuja: "Mwalimu, kwa hiyo mimi na wewe ni haramu?" Hapana. Zina kazi, tena kazi nzito, ndiyo maana sipendi zitumike ovyo. "Siendi" ni taarifa. "Mimi siendi" ni taarifa na msimamo: nyie nendeni, mimi mnaniacha hapa. "Nimekuita" ni wito. "Nimekuita wewe" maana yake huyo mwenzako akae, sikumwita. Kiwakilishi huru huja kutenga mtu na wengine. Sasa rudi kwenye kadi yetu. "Mimi nakupenda" inadokeza kuna mwingine asiyekupenda. "Nakupenda wewe" inadokeza kuna mwingine nisiyempenda, pengine dada yako. Ukiziunganisha umepata sentensi ya ugomvi, inayofaa kutamkwa mbele ya wakwe wanaobisha. Anayeipokea akiwa peke yake ana haki ya kuuliza nani mwingine yuko kwenye habari hii.

Palipo na ni, hapo nakubali: "Mimi ni mwalimu", kwa kuwa ni hiyo haichagui mtu, ni ile ile kwa mimi, wewe na yeye. Na kwenye na pia: mimi na wewe, au nawe, kwa mwenye haraka.

Yeye ndiye anayeteswa zaidi, hasa na wafasiri na mitambo ya kutafsiri. "Yeye alisema kwamba yeye atakuja kwa sababu yeye ana nafasi." Yeye watatu mlangoni, na bado hujui kama aliyesema ndiye atakayekuja. Kiingereza kina he na she, kwa hiyo kurudia kwao huwa na faida wakati mwingine. Yeye wetu haonyeshi jinsia wala haongezi habari. Kama watu wawili wanachanganyikana, dawa ni kutaja jina. Kama hawachanganyikani, "alisema atakuja kwa sababu ana nafasi" imetosha.

Na kabla sijapoa, kuna binamu wa ugonjwa huu: "Funga macho yako." "Osha mikono yako." "Ameumia mguu wake." Ningefunga macho ya nani? Kiingereza hakiwezi kumwacha mtu na mguu usio na mwenyewe. Kiswahili huona kwamba aliyeumia mguu ameumia wa kwake, na akiumia wa jirani hapo ndipo utueleze.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Hawa husema "napenda wewe", "nimeona mama", "naita yeye". Wamemtoa mtendwa ndani ya kitenzi na kumwacha nje. Ni kosa: kitenzi kinapomlenga mtu, Kiswahili sanifu hutaka kiambishi chake, nimemwona mama, namwita, nakupenda. Nimeshalisahihisha mara nyingi na nitaendelea. Lakini siwezi kuwakasirikia kwa moyo wote, maana ukihesabu "napenda wewe" unapata watu wawili kamili, mmoja kakaa mahali pasipo pake tu. Hao nitawasogeza ndani taratibu. Wenye watu wanne ndio waanze kupunguza leo.