Kabla ya Kuifuta Windows Server, Soma Mashine Inasema Nini

Seva ikizimika kila baada ya saa moja, kwa mpangilio uleule, usishuku umeme kwanza. Huenda ni Windows Server ya majaribio iliyomaliza siku zake 180. Muda ukiisha, mfumo wenyewe huizima mashine kila saa. Si ajabu mtu akashuka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, kununua pawa saplai asiyoihitaji. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia System, tafuta namba mbili. 1074 inayotaja wlms.exe, programu ya Windows inayosimamia leseni, maana yake ni leseni. 41 ya Kernel-Power maana yake mashine ilikatika ghafla, na hapo ndipo pa kushuku stima, UPS au saplai. Ukifuta mfumo kabla ya kuangalia, umefuta na ushahidi.

Kwa bahati nzuri, seva nyingi za mtumba tunazonunua mjini, Dell PowerEdge na HP ProLiant, huwa na daftari la pili nje ya mfumo: iDRAC kwa Dell, iLO kwa HP. Hilo halifutiki ukiondoa Windows. Kwa upande wa ramu ndilo shahidi bora, kwa sababu ramu ya ECC, aina inayotumika kwenye seva, hurekebishwa makosa yake madogo. Kosa la biti moja hurekebishwa kimyakimya, programu ya kupima ramu, Memtest86+, inakesha bila kuonyesha kosa hata moja, kumbe daftari limejaa maonyo ya kijiti kilicho nafasi ya A3. Badilishana kijiti hicho na cha A1, safisha daftari, kisha ipe mashine kazi nzito. Onyo likihamia A1, kijiti ni kibovu. Likibaki A3, shuku nafasi yenyewe, au pini za soketi ya prosesa, maana hizo ndizo zinazobeba njia za ramu. Ukinunua kijiti kingine, soma lebo: RDIMM (ya seva) na UDIMM (ya kompyuta za kawaida) za kizazi kimoja, DDR3 au DDR4, huingia nafasi moja vizuri kabisa, lakini ukizichanganya mashine haitawaka.

Diski zikague kwa flashi ya Linux, kwa smartctl, amri inayosoma afya ya diski:

smartctl -a /dev/sda

Zikiwa nyuma ya PERC, kadi ya RAID ya Dell, andika hivi, ukibadilisha namba kwa kila diski:

smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda

Kwa diski za SATA tazama mistari ya 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu. 197 ikiendelea kupanda, hamisha data leo, usingoje wikendi. 199 ikipanda peke yake, diski mara nyingi ni nzima. Badilisha kebo au safisha mahali inapochomekwa. Diski za SAS hazina mistari hiyo. Huko tafuta "grown defect list", yaani kasoro zilizoongezeka. Namba inayokua kila ukiangalia ni habari mbaya.

Kisha kuna betri ya CR2032, kitu cha bei ndogo kinachosumbua watu wazima. Ikiisha, saa inarudi nyuma na mipangilio inaweza kupotea: njia ya kuwaka inageuka kutoka UEFI kuwa Legacy, ya diski kutoka RAID (diski kadhaa kufanya kazi kama moja) kuwa AHCI, na mfumo mzima unaonekana kama umetoweka. Pima kwa mita. Betri mpya ina volti 3 au zaidi kidogo.

Umeridhika kwamba chuma ni kizima? Sasa futa. Andika namba ya nafasi kwenye kila diski ya data kisha uzichomoe zote, mashine ikiwa imezimwa. Hii ni kinga bora kuliko umakini wowote. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, halafu list disk, select disk 0, na clean. Linganisha ukubwa kabla ya kubonyeza Enter. "Clean" huondoa jedwali la sehemu (partitions) tu, data bado ipo. Kama unaiuza mashine, tumia clean all, ambayo huandika sifuri kila mahali. Diski ya 2 TB inayoandika MB 150 kwa sekunde itachukua karibu saa 4, kwa hiyo iweke kwenye UPS. Kwa SSD usifanye hivyo, unaichosha bure. Amri ya Linux, blkdiscard, ni ya haraka zaidi.

Ukiondoa Linux, mara nyingi jina lake hubaki kwenye orodha ya kuwakia (boot) ya mashine. Kwenye flashi ya Linux andika efibootmgr uone namba yake, tuseme 0003, kisha:

efibootmgr -b 0003 -B

Ukirudisha diski za data, kadi ya RAID ikisema "Foreign", yaani ngeni, chagua Import. Clear itafuta mpangilio wa RAID, na hapo data yako haitasomeka tena kwa njia ya kawaida.